Mtungi wa Wagiriki na Siku Tano za Kunyamaza

Wanangu, kwanza naomba radhi. Mwandiko wangu unapanda na kushuka, na maneno mengine nitakuwa nimeyakosea. Niliishia darasa la saba, na kalamu hunichukua muda. Karatasi hii nimeianza Jumatatu na leo ni Alhamisi. Mkikuta kosa someni mlivyoelewa, wala msicheke sana.

Najua pia wengine mtasema, "Skola anatuita wanangu, kwani ana miaka mingapi?" Ishirini na nne. Lakini kwetu Waluguru mtoto wa dada yako ni mtoto wako, na dada zangu wameshanipa watoto tisa kabla sijazaa hata mmoja. Kwa hiyo mwanangu Editha, na ninyi wengine mnaokuja ukumbini Jumamosi kutengeneza mitungi ya karatasi, nawaita hivyo nyote na nimeshazoea.

Jumamosi iliyopita mmoja wenu aliuharibu mtungi wa mwenzake, akausukuma nyuma ya kabati, akaondoka bila kuaga. Simtaji. Wala sikukasirika. Nilitaka kusema neno mbele yenu siku hiyohiyo, lakini mnanijua, nikisimama mbele ya watu maneno yananiganda. Ndiyo maana naandika, na nitaibandika mlangoni.

Siku ninayotaka kuwasimulia naikumbuka mpaka harufu yake. Ilikuwa Kwaresima, masika yameshika, na mimi nilikuwa darasa la sita katika shule yetu ya huku juu ya Mkuyuni. Mwalimu wetu wa stadi za kazi aliitwa Mwalimu Mwanahamisi. Alikuwa mzaliwa wa Mwembesongo, mtu wa mjini kabisa, na matope ya kwetu yalimtesa. Kila asubuhi alifika na ndala miguuni na viatu mkononi, akanawa miguu bombani, akavaa viatu, ndipo akaingia darasani. Tulimpenda kwa hilo. Siku hiyo alikuja na kitabu kikubwa alichokifunga kwenye mfuko wa plastiki kisilowe. Ndani yake kulikuwa na picha za mitungi ya Wagiriki wa kale.

Sikuwahi kuona vitu kama vile. Ilikuwa mitungi ya rangi ya matofali, na juu yake wamechorwa watu weusi tii. Wengine wanakimbia, wengine wamepanda farasi, na kwenye mtungi mmoja wanawake wamepanga foleni kisimani, kila mmoja na chombo chake kichwani. Mwalimu alitutafsiria maandishi. Alisema watu wale wamekufa zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita, ila mitungi yao bado ipo. Mimi niliganda kwenye picha ya wale wanawake wa kisimani. Nilikuwa nimewaona asubuhi hiyohiyo pale bombani, tofauti ni kanga tu.

"Tutaitengeneza ya karatasi," Mwalimu akasema. "Ijumaa ijayo ni siku ya wazazi. Nataka meza nzima ijae Wagiriki."

Kazi yenyewe ninyi mnaijua, ila kwa atakayesoma bila kujua nitaeleza kidogo. Unapuliza puto. Unachana gazeti vipande vyembamba, unavichovya kwenye gundi ya unga wa muhogo, unavibandika juu ya puto tabaka kwa tabaka. Vikikauka unatoboa puto, unabaki na tumbo la mtungi, tupu na jepesi kama ganda la yai. Shingo, kitako na vishikio unakata kwenye karatasi ngumu ya manila. Mwisho unapaka udongo mwekundu, na watu unawachora kwa masizi yaliyochanganywa na gundi.

Mwalimu alitupa kila mmoja puto moja. Langu lilipasuka nikiwa nafunga mdomo wake. Darasa zima likacheka, kisha kila mtu akarudi kwenye kazi yake.

"Nani limempasukia?" Mwalimu akauliza akiwa ameinama kwa mtu mwingine. "Aseme, ninayo mengine."

Nilinyamaza. Alikuwa nayo mengine, mwanangu. Niliyaona yamejaa mfukoni mwake, mekundu na ya kijani. Kilichotakiwa ni kusema "mimi" tu. Nikaona heri nikae kimya, nitajua la kufanya nyumbani.

Dada zangu wengine walishaolewa, kwa hiyo nyumbani tuliishi na mama, dada yangu Vero, na bibi. Bibi Agata, mama yake mama, alikuwa mfinyanzi. Mitungi yake ilijulikana mpaka gulio la Mkuyuni, na watu waliitambua hata bila kuambiwa. Kwetu binti akiolewa, bibi yake mzaa mama ndiye anayemfinyangia mtungi wa maji wa kwenda nao, na mtungi huo huingia nyumba mpya kabla ya kitanda. Vero, ambaye ndiye mama yako Editha, alikuwa anaolewa Jumamosi ya baada ya Pasaka, kwa watu wa Mkuyuni. Mtungi wake bibi alishaumaliza. Ulikuwa kwenye kona ya jiko la nje, umefunikwa kanga kuukuu, unakauka polepole, unangoja kuchomwa.

Hapa nieleze kosa langu lilivyokuwa. Watoto wa kwetu tulikatazwa kabisa kusogelea vyombo vinavyokauka. Bibi alisema tu, "Huko msiende," na hatukwenda. Kwa hiyo mimi, mjukuu wa mfinyanzi, niliijua mitungi ikishachomwa, sikuijua ikiwa mibichi. Nilidhani mbichi na uliochomwa ni kitu kimoja. Nilipoinua ile kanga na kuugonga kwa ukucha, ulikuwa mgumu, msafi, hauna masizi wala maji ndani. Na tumbo lake lilikuwa sawasawa na la mtungi wa wale wanawake wa kwenye kitabu. Nikasema, hili ndilo puto langu.

Ilikuwa Jumamosi. Bibi na mama wameshuka gulioni, Vero yuko kwa fundi cherehani. Nilikaa chini jikoni, mvua inanyesha nje, nikabandika magazeti kwenye mtungi wa harusi ya dada yangu. Nilibandika matabaka matatu, yaliyolowa chapachapa. Nilikuwa na furaha kubwa, siwezi kuficha. Mpaka leo nikisikia gundi ya muhogo inachemka nairudia furaha ile. Nilipomaliza nikafunika kwa kanga, nikaenda kuchambua mboga kama mtu mwema.

Jumapili nilitangulia kuamka. Tabaka la juu lilikuwa limeshika kiasi. Nikachukua wembe, nikapasua karatasi pande mbili kuanzia mdomoni mpaka kitakoni, nikavuta. Upande wa kwanza ukatoka. Ulitoka na udongo. Nikashika mtungi, vidole vikazama kama kwenye ugali uliopoa. Maji ya gundi yalikuwa yameingia usiku kucha. Bega lilikuwa limelala upande mmoja, na ufa ulitokea mdomoni ukashuka mpaka tumboni. Udongo usiochomwa, mwanangu, ukiulowesha unarudi kuwa tope, hata kama jana ulikuwa mgumu kama jiwe. Hilo sikulijua mpaka asubuhi ile.

Nilifanya nini? Nilifunika kanga vilevile ilivyokuwa. Nikaficha zile pande mbili za karatasi kwenye mfuko wa shule. Nikanawa mikono, nikaenda misa.

Bibi aligundua mchana. Sisi tulikuwa uani. Tulimwona anatoka jikoni ameshika ile kanga, akaketi kwenye kinu kilicholazwa.

"Mama, kuna nini?" mama akamuuliza.

"Mtungi wa Vero umeniangukia."

"Umeanguka?"

"Haujaanguka. Umejilaza wenyewe. Umelegea kama haujawahi kukauka." Akaitazama mikono yake, akaigeuza huku na huku. "Udongo sikuukanda vizuri. Nilidhani nimeukanda."

Mama akasema labda ni masika. Bibi akajibu, "Masika mimi sikuanza kuyaona mwaka huu."

Mimi nilikuwa pale, umbali wa hatua nne. Nikajiambia nitasema jioni. Jioni nikajiambia kesho. Jumatatu bibi hakwenda mtoni kuchimba udongo. Jumanne jirani yetu Bibi Tekla, mfinyanzi mwenzake, alipita kumpa pole, na bibi akaingia ndani akatoka na kikapu cha vifaa vyake: kipande cha kibuyu cha kuparuzia, magunzi ya mahindi, na lile jiwe dogo la kulainishia ambalo alipewa na mama yake. Akamkabidhi.

"Chukua, Tekla. Mimi nimeshamaliza."

"Acha utoto, Agata. Mtungi mmoja?"

"Mikono ikishasahau imesahau. Vero atabeba ndoo ya plastiki. Wenzake wote siku hizi wanabeba ndoo."

Vero aliingia ndani akalia, nilimsikia. Bibi naye usiku alikuwa anageukageuka kitandani. Tulilala chumba kimoja. Na mimi nilikuwa macho, nimekaza meno. Jumatano nikanyamaza. Alhamisi nikanyamaza. Huwa natamani kusema nilikuwa mtoto sijui nifanyalo, lakini nilikuwa najua. Nilikuwa najua kila kitu, na nilikuwa mtu pekee nyumbani anayejua.

Shuleni mambo yalikuwa mengine. Nilizikausha zile pande mbili, nikaziunga, nikaweka shingo, kitako, na vishikio viwili vya ubavuni kama nilivyoona kwenye picha. Nikapaka udongo, nikawachora wanawake wa kisimani kwa masizi. Wenzangu maputo yao yalitoa mitungi ya mviringo kama malimau. Wangu ulikuwa na bega, ulikuwa na kiuno. Mwalimu aliuzungusha mkononi mara tatu. "Skola, huyu Mgiriki kabisa," akasema, akauweka katikati ya meza. Na kwa sababu alijua bibi yangu ni nani, akatuma ujumbe nyumbani kwamba siku ya wazazi Bibi Agata asikose.

Bibi alikuja. Alivaa kanga zake za kanisani, akapanda mlima na fimbo, mvua imepumzika kidogo na ukungu umekaa chini ya shule kama maziwa. Darasa lilijaa.

"Shikamoo bibi," Mwalimu akamwamkia.

"Marahaba mwanangu. Hawa ndio Wagiriki wako?"

"Ndio hao bibi."

"Ni watu wa wapi hao?"

"Mbali, bibi, ng'ambo ya bahari. Walikuwa na miji mingi. Athene, Korintho..."

"Korintho?" Bibi akasimama. "Wakorintho wa Paulo?"

"Nadhani ndio haohao."

"Ehee! Miaka yote hii nasomewa barua zao kanisani, kumbe wafinyanzi wenzangu! Paulo angelitaja hilo ningekuwa nasikiliza zaidi."

Wazazi wakaangua kicheko. Ilikuwa mara ya kwanza wiki ile kumsikia bibi akitania, na mimi badala ya kufurahi nilirudi nyuma hatua moja, kwa maana alikuwa anaujia mtungi wangu.

Akauinua. Akaupima kwa mikono miwili, akashangaa wepesi wake. Kisha akauliza, "Kishikio cha tatu kiko wapi?"

"Cha tatu, bibi?" Mwalimu akasema. "Kwenye picha viko viwili."

"Haiwezekani. Hivi viwili vya ubavuni ni vya kuinulia, ujitwishe kichwani. Haya, umefika nyumbani, unataka kumimina. Utaushika wapi? Mtungi wa maji huu, si wa maua." Akapiga mgongo wa mtungi kwa kiganja. "Hapa nyuma kuna kimoja. Aliyepiga picha amekificha."

Mwalimu akafunua kitabu haraka, akapeleka kurasa mbele, akarudi nyuma. Akapata picha nyingine ya mtungi uleule umegeuzwa ubavu. Kishikio cha tatu kilikuwepo, kirefu, kimesimama nyuma kutoka shingoni hadi begani. Darasa lilipiga makofi. Mtu hajawahi kukiona kitabu kile wala kuvuka bahari, akajua kilichofichwa nyuma ya picha. Mikono iliyosahau ingejuaje hayo?

Lakini bibi hakuwa anasikiliza makofi. Alikuwa ameingiza vidole ndani ya mtungi. Alipovitoa vilikuwa na vumbi jekundu. Akakipitisha kidole gumba kwenye bega la mtungi, mahali penye bonde dogo ambalo mimi sikuwa nimeliona. Akakiacha kidole pale.

"Skola," Mwalimu akaniita, "waeleze wazazi ulivyoutengeneza. Mwenzetu ulitumia nini?"

Bibi aliinua macho akanitazama. Alinisubiri. Darasa zima lilinisubiri, lakini ni yeye niliyemwona.

"Puto," nikasema.

Bibi akauweka mtungi mezani taratibu, akasema ni mzuri, akarudi kuketi.

Tulirudi nyumbani wawili. Yeye mbele na fimbo, mimi nyuma nimeshika viatu. Tulifika kijitoni, pale panapovukwa kwa mawe. Akasimama ng'ambo, akageuka. Mimi nilikuwa bado upande wa huku.

"Skola."

"Abee bibi."

"Puto lako lina kidole gumba changu."

Nililia. Nililia mpaka pua ikaziba, maneno yakatoka yamechanganyika, puto, gundi, wembe, kanga, sikujua udongo unalegea. Alingoja mpaka nikaishiwa. Kisha akasema maneno ambayo nayaandika hapa kama alivyoyasema, maana nimeyashika.

"Mtungi sikulilii. Udongo uko mtoni, haujaisha. Ungekuja Jumapili ukaniambia, bibi nimeuharibu, ningekuchapa kofi moja na jioni tungekwenda kuchimba. Lakini umenitazama siku tano. Siku tano nalala najua mikono yangu imekufa, nimegawa jiwe la mama yangu, na dawa yangu unayo wewe mdomoni, umelala kitanda cha pili. Hilo ndilo la kulilia. Haya, vuka, utateleza."

Nikavuka. Hakunichapa. Alisema adhabu yangu ni kwenda kusema, nyumba kwa nyumba, mwenyewe, bila yeye.

Nilianza kwa Bibi Tekla jioni ileile.

"Hodi."

"Karibu. Ee, Skola! Leo nani amekufa mpaka umebisha hodi mwenyewe?"

"Shikamoo. Nimekuja kuomba vifaa vya bibi."

"Vifaa nilipewa, sikuazimwa. Sema sababu."

Nikasema. Alicheka mpaka akakohoa, akajipiga mapaja. "Gundi ya muhogo! Juu ya mtungi mbichi! Mjukuu wa Agata!" Kisha akafuta macho, akanyoosha mkono uchagani. Kikapu kilikuwa kilekile, kimefungwa vilevile. "Sikukigusa. Nilijua atakiulizia kabla mwezi haujaisha. Mwambie mikono yake mizima, kilichozeeka ni kichwa. Useme ni mimi nimesema."

Kwa Mwalimu nilikwenda kesho yake asubuhi, akiwa anafunga mizigo kushuka mjini likizo ya Pasaka. Yeye aliuliza jambo moja tu: "Kwa nini hukuniomba jingine?"

Kwa Vero ndiko kulikokuwa kugumu. Hakunipigia kelele. Hakuongea nami siku mbili, na chumba ni kimoja.

Bibi alifinyanga upya. Safari hii aliniketisha karibu, nikakanda udongo mpaka viwiko vikauma, nikajua mtungi mbichi ni nini na kwa nini tulikatazwa. Tuliuwekea moto mdogo jikoni mchana na usiku, mbali, wa kuupasha tu, kwa sababu mvua haikutoa nafasi. Lakini udongo una siku zake. Ukiuharakisha unapasuka motoni. Ijumaa ya kuamkia harusi bibi aliugusa kitako kwa shavu lake, akatikisa kichwa. Bado ulikuwa wa baridi. Ulikuwa na maji ndani. Ulikuja kuwa tayari Jumatano iliyofuata. Hesabu mwenyewe, mwanangu. Siku tano nilizonyamaza ndizo hasa zilizotupungukia.

Basi dada yangu aliingia Mkuyuni na ndoo ya bluu ya plastiki. Wanawake wa upande wa mume walipokea mizigo, mmoja akauliza kwa sauti ya kutosha wote kusikia, "Na mtungi wa bibi yake? Au sisi hatukustahili?" Vero aliinamisha kichwa. Bibi alifungua mdomo ajibu, na nilijua atanifunika, atasema ni masika.

"Ni mimi," nikasema. "Bibi aliufinyanga. Mimi niliuharibu, nikaficha. Mwingine unakauka, nitauleta."

Sijui nilipata wapi sauti. Yule mama akaniambia, "Haya, tutakungoja wewe." Na Vero akanishika mkono, kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

Tuliuchoma Jumatano, kwenye saa chache za jua, na Jumamosi niliubeba kichwani kutoka kwetu mpaka Mkuyuni. Sikupumzika njiani hata mara moja, niliogopa kuutua. Mama yako Editha aliujaza maji mbele ya wakwe zake. Haukuvuja. Maji yake umeyanywa wewe tangu ukiwa mdogo, labda hukujua kwamba kuna kipindi yalikosekana.

Bibi alifinyanga tena kwa miaka mingi, mpaka alipolala pale makaburini misheni. Huwa nafikiria ingekuwaje kama asingeingiza vidole kwenye ule mtungi wa karatasi. Angekufa akiamini udongo ulimkataa.

Sasa nasaha yangu ni hii, wanangu. Ukiharibu kitu cha mtu, sema siku hiyohiyo, kabla jua halijazama kama unaweza. Usipime kitu kilichovunjika kina ukubwa gani. Tazama aliyebaki bila kujua, anajilaumu kwa lipi, anaacha nini, anagawa nini. Ukimya wako unamfanyia kazi mbaya huku wewe umekaa tu. Na kama una aibu kama yangu na mdomo unakataa, usitafute maneno mazuri. Mshike mtu mkono, umpeleke kwenye kile kitu, umwonyeshe. Hayo yanatosha kuanzia. Na puto likipasuka, omba jingine. Mimi ninayo mengi, na sijawahi kumkasirikia mtu kwa puto.

Yule wa nyuma ya kabati, mtungi bado upo palepale. Mwenye mtungi anadhani hakuubandika vizuri. Ameniambia hataki kuja tena Jumamosi.

Mungu awape mikono yenye subira na midomo isiyochelewa. Awape na wazee wa kuwangoja ng'ambo ya kijito mpaka mvuke. Kazi zenu zisivuje.

Naomba mniandikie. Andikeni chochote mlichowahi kuharibu mkanyamaza, au mnachoogopa kuniuliza. Nimeweka boksi la viatu pembeni ya mlango, nimetoboa juu. Asiyetaka kuweka jina asiweke, nitajua tu ni mwanangu mmojawapo, na nitajibu.

Mama yenu mdogo,
Skola